Chai ya Saa Moja

Ramadhani 1, Alhamisi
Asubuhi 13.4. Jioni 12.8.

Daftari hili nimepewa kliniki. Nesi alinisisitizia kama mwalimu wa chekechea: kila siku mara mbili, kabla ya sindano, pima sukari, andika. Nikaitikia. Sikumwambia kuwa nitaandika na mengine, maana kurasa ni nyingi na vipimo vinakula mstari mmoja tu. Akiyasoma, shauri yake.

Saleha ana miaka kumi. Kisukari chake ni kile cha watoto, cha sindano asubuhi na jioni, na tunacho tangu mwaka juzi. Mpango wetu ni huu. Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi nampima, namchoma, naweka chapati mbili na yai chini ya kawa na chai kwenye chupa, napanda baiskeli. Saa moja kamili mimi napita geti la kiwanda cha mkonge na yeye anatakiwa awe anatafuna. Dawa ikishaingia mwilini haingoji mtu. Isipokuta chakula inamwangusha mwenyewe. Cha mchana anakula shule, wanapika makande kwa wasiofunga.

Baina ya dawa na chapati yuko mkwe wangu, Bi Asmahani, aliyetoka Tongoni mwezi wa kwanza kuja kutusaidia. Macho yake yameingia ukungu, namba za mashine ya kupimia hazioni, kwa hiyo sindano zote mbili ni zangu. Yeye kazi yake ni moja, mtoto ale.

Mume wangu Miraji yuko Horohoro, anakimbiza makaratasi ya malori ya watu mpakani, Ijumaa anakuja akijaliwa. Bima hana. Bima ninayo mimi, ya kiwandani, na dawa ya Saleha inatoka kwa kadi hiyo. Nikiacha kazi, kadi inakufa mwezi ukiisha. Nimeliandika hili ukurasa wa kwanza ili nilisome kila nitakapotamani kumrushia msimamizi wangu kitu kichwani.

Ramadhani 2, Ijumaa
Asubuhi 14.1. Jioni 11.9.

Joto la kufa mtu. Mvua zimekataa.

Bi Asmahani kasema tena, mbele ya Saleha: "Enzi zetu tulifunga na homa, tukafunga na mimba. Funga ni dawa, sukari yenyewe inakimbia."

Nikamwambia, "Mama, huyu daktari amemkataza."

"Miye nimesema kitu? Nimesema enzi zetu."

Ndivyo anavyopigana. Anarusha jiwe kisha anaficha mkono.

Ramadhani 4, Jumapili
Asubuhi 13.0. Jioni 12.2.

Saleha ameomba aamshwe daku. "Wenzangu wote wa chuo cha Kurani wanakula daku, mimi tu nalala kama mtoto mchanga." Nimekubali. Kula saa kumi alfajiri hakumdhuru, na chai ya saa moja iko palepale. Bibi yake alimpakulia wali mwenyewe, akamkalisha ubavuni kwake, wakacheka mambo yao. Nimeona wivu, naandika ukweli. Mimi mwanangu akinitazama anatazama kwanza nimeshika nini mkononi.

Ramadhani 5, Jumatatu
Asubuhi 15.3. Jioni 10.1.

Nimechelewa dakika nne. Bertha alikuwa amesimama mlangoni na karatasi yake. Bertha ndiye msimamizi wetu, Msambaa wa Lushoto, Jumapili anaimba kwaya na Jumatatu anatuimbisha sisi.

"Sabra, saa moja ni saa moja."

"Mtoto alikuwa..."

"Kila mtu humu ana mtoto."

Onyo la pili. La tatu ni barua.

Simu tunaacha getini, kwenye sanduku. Sheria ililetwa baada ya dada mmoja kunaswa kidole na mashine akijibu ujumbe. Kukiwa na shida nyumbani, mlinzi anamwambia msimamizi, na msimamizi ndiye anayeamua kama ni shida.

Ramadhani 6, Jumanne
Asubuhi 14.4. Jioni 8.0.

Vumbi la mkonge limenikaa kooni na maji siruhusiwi. Sina la zaidi.

Ramadhani 8, Alhamisi
Asubuhi 13.1. Jioni 6.2.

Sita! Nimepima mara mbili, nikadhani mashine imeharibika. Tangu mwaka juzi sijaona sita jioni, na ndiyo namba nesi anayoitaka. Saleha alikuwa amechoka, ametoka chuoni anaburura miguu, lakini sita ni sita.

Ramadhani 9, Ijumaa
Asubuhi 12.7. Jioni 5.1.

Miraji amekuja na tikiti na maneno matamu. Nilimwonyesha daftari kama mwanafunzi aliyeshika namba moja. Bi Asmahani akasema, "Si mwezi mtukufu huu? Ulidhani tunaomba bure?" Nikacheka naye. Tulikula magimbi ya nazi sote wanne kwenye mkeka, Saleha akala kwa pupa mpaka baba yake akamtania kuwa ana mashetani. Leo nilimpenda mkwe wangu, na kwa kuwa si jambo la kila siku naliandika.

Ramadhani 11, Jumapili
Asubuhi 12.9. Jioni 13.6.

Ajabu. Siku niliyoshinda naye mwenyewe, nikampa chai mwenyewe, nikamtazama anakula, ndiyo siku kipimo kimepanda. Labda nampa nyingi mno. Bibi yake ana mkono mzuri kuliko mimi. Kesho nitamwambia, na kulisema kutaniuma.

Mawingu yamekusanyika upande wa baharini ila hayajatoa kitu.

Ramadhani 12, Jumatatu

Naandika kwenye benchi la wodi. Mvua imeanza leo.

Saa sita na nusu, wakati wa mapumziko, Bertha alinijia akasema, "Nenda getini, simu yako imelia sana."

"Tangu saa ngapi?"

"Mlinzi aliniambia saa tano na nusu. Nyuzi zilikuwa zinakatika, sikuwa na mtu wa kukaa mahali pako."

Alisema hivyo hivyo, bila kushusha macho. Saa nzima. Simu zilizonipita zilikuwa kumi na moja, zote za Mwalimu Hosea, mwalimu wa darasa la Saleha. Nilipompigia alisema neno moja tu, hospitali.

Nilipanda baiskeli mvua ikinipiga usoni. Watu walikuwa barazani wanaicheka mvua kwa furaha, watoto wamevua mashati wanaruka kwenye michirizi. Niliwachukia wote, mmoja mmoja.

Saleha alikuwa kitandani na dripu mkononi, amelowa jasho mpaka nywele, macho yako nusu. Anapumua. Nilimshika miguu kwanza, sijui kwa nini miguu. Mwalimu Hosea aliinuka kwenye kiti. Akanieleza: alianguka saa tano kwenye kipindi cha hisabati, zahanati walimpima wakakuta 1.7, wakampa gari la kumleta hapa.

"Na glukosi niliyokuachia, Mwalimu? Pakiti si iko kwenye mtoto wa meza yako?"

"Nilimpa, mama, kabla hajazimia. Akakaza meno. Alisema amefunga."

"Amefunga nini?"

"Swaumu. Mbona amefunga wiki nzima sasa? Makande hagusi. Nilidhani daktari amemruhusu." Akajifuta uso. "Na mimi Mkristo, mama. Nitamuulizaje mtoto wa Kiislamu, mwezi wa Ramadhani, kwa nini hali?"

Wiki nzima. Hapo ndipo nilipofahamu sita yangu na tano yangu. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa mtoto anayekufa kwa njaa juu ya dawa niliyomchoma kwa mkono wangu.

Bi Asmahani aliingia wakati huohuo. Jirani alimpakiza kwenye bodaboda, maisha yake hajawahi kuipanda. Buibui lilikuwa limelowa limemgandia. Hakunisalimu, alikwenda moja kwa moja kwa mjukuu wake, nami nikamkatiza njia.

"Chai ya saa moja anakula au hali?"

"Anakula. Anachukua kwenye bakuli anakwenda nayo shule. Si weye uliyesema? Kaniambia, mama kasema nile shule, chai ya nyumbani inanichefua."

"Mimi sijasema hivyo."

"Mtoto kasema umesema."

"Mama, tangu mwezi haujaandama unamwimbia kwamba funga ni dawa! Umemwamsha daku, umemkalisha ubavuni, kisha unanitazama usoni unasema bakuli!"

"Basi miye mwongo, Sabra?"

"Umetaka kuniulia mwanangu kwa swaumu zako. Toka. Nikirudi nyumbani nisikukute."

Wodi nzima ilisikia. Kulikuwa na akina mama sita na watoto wao, na wauguzi wawili. Bi Asmahani alivuta buibui lake likakaa sawa kichwani, akasema, "Haya, mwanangu." Akatoka. Saleha alikuwa amefumbua macho. Aliona yote, akageukia ukutani.

Ramadhani 13, Jumanne

Wodini. Wanapima wao, wanaandika wao. Mvua. Bertha ametuma ujumbe: "Siku ngapi?" Sijamjibu.

Ramadhani 14, Jumatano
Jioni 11.0.

Tumeruhusiwa. Nyumba imefagiwa, vyombo vimeoshwa, mkeka wa Bi Asmahani umekunjwa umesimamishwa kwenye kona. Ameondoka siku ileile kwenda Tongoni na nguo zilezile zilizolowa.

Miraji alikuwa amefika. Sikumpa nafasi ya kukaa, nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama alinipigia kwa simu ya watu," akasema. "Hakulalamika. Alisema amefika salama, nije nimwangalie Saleha."

"Alitaka kumuua, Miraji."

"Mama yangu ana mambo yake mengi. Uongo hana."

"Kwa hiyo mwongo mimi?"

"Sijui nani mwongo. Najua umemfukuza mama yangu mbele za watu, mwezi wa toba." Kisha akaja na lile ninalolingoja kila mara. "Acha kazi ukae na mtoto."

"Na dawa?"

"Tutajua."

"Hilo Tutajua ni duka la dawa? Wanapokea kadi?"

Asubuhi anarudi Horohoro.

Ramadhani 15, Alhamisi
Asubuhi 10.4. Jioni 10.9.

Niko nyumbani. Saleha anakula kila ninachompa, hasemi. Mvua.

Ramadhani 16, Ijumaa
Asubuhi 9.8. Jioni 11.1.

Miraji hakuja. Hakupiga.

Ramadhani 17, Jumamosi
Asubuhi 10.2. Jioni 14.8.

Leo amekuja Leticia, mtoto anayekaa dawati moja na Saleha, pamoja na mama yake. Ni Wakatoliki, baba yao alikuja zamani kukata mkonge mashambani akabaki. Mama Leticia ameleta ndizi mbivu, akazirudisha mwenyewe kwenye mfuko alipokumbuka ugonjwa wenyewe, akaona haya. Nikamtoa wasiwasi. Tulikaa vizuri. Wakati wa kuondoka Leticia, na adabu zake zote, akamuuliza Saleha, "Ukirudi shule utaniletea tena chapati?"

Mama yake akamkemea kwa uombaji. Mimi nikamuuliza polepole, "Chapati zipi, mwanangu?"

"Za kwenye bakuli. Alikuwa ananipa zote na yai. Alisema nisimwambie mtu, ila sasa si anaumwa?"

Niliwasindikiza mpaka nje, nikarudi ndani, nikakaa chini kwenye sakafu mbele ya Saleha. Alikuwa ameshaanza kulia bila sauti.

"Nani alikwambia ufunge?"

"Hakuna."

"Bibi?"

"Bibi hajui. Nilimdanganya kuwa wewe umesema nile shule. Na wewe nilikudanganya kuwa nimekula."

"Ukaniacha nikamfukuza bibi yako?"

"Niliogopa utanifukuza na mimi."

"Kwa nini, Saleha? Si unajua dawa inavyofanya?"

"Ustadhi Sabiri wa chuoni alisema aliyefunga akiomba dua wakati wa kufuturu, dua yake hairudishwi."

Nikaona nimefahamu. Mtoto ameomba apone. Nilikuwa nimeshamnyooshea mikono nimkumbatie, machozi yameshanifika.

"Uliomba upone?"

Akatikisa kichwa. "Niliomba ukae nyumbani."

Nikairudisha mikono.

"Na umekaa, mama," akasema. "Leo siku ya tano."

Ramadhani 18, Jumapili
Asubuhi 11.3. Jioni 10.0, nimempima Tongoni.

Tumekwenda Tongoni, mimi na Saleha. Nilichukua tende na doti ya kanga. Njia nzima nilipanga maneno, na nilipofika uani nikakuta yote yamenitoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni. Ingieni, mvua hiyo."

Hakuna jicho wala neno baya. Saleha alimrukia, akamng'ang'ania shingoni, akamwambia yote sikioni, nami nikajitia kutazama mvua. Bi Asmahani alimpigapiga mgongoni. "Nalijua," akasema. "Tangu wodini nalijua, mjukuu wangu." Alikuwa amepika bada, ule ugali wa muhogo, na samaki wa nazi. Adhana ilipotoka akanisogezea tende mimi kwanza, mimi mgeni. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, maana nyumbani kwangu kila siku alikuwa akisema jitwalie.

Baada ya kula nilipiga magoti. "Mama, nimekukosea. Nimekuvunjia heshima mbele za watu na kumbe hukuwa na kosa. Nisamehe. Na urudi, mama, tunakuhitaji."

"Inuka, mwanangu, sakafu ina baridi." Nilipokaa alinishika mkono. "Kusamehe nimekusamehe, tangu njiani siku ileile. Nilikuwa nimefunga, kinyongo cha nini? Kurudi, sirudi."

"Kwa nini, mama, kama umesamehe?"

"Kwa sababu mtoto huyu ataanguka tena. Ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo, si mmeniambia wenyewe? Na siku akianguka, hata nikiwa nimemlisha kwa mkono wangu, wa kwanza kumtazama ni miye. Hutosema. Lakini utatazama. Siwezi kukaa nyumba ninayotazamwa."

Ningemwapia kuwa sitomtazama. Nilifungua mdomo, kiapo kikakataa kutoka, naye alikuwa anangoja akisikie. Akanifungia bada iliyobaki nije nayo.

Nilikuwa nikisema mama huyu anarusha jiwe na kuficha mkono. Leo amesema waziwazi, na nimeona bora yale ya zamani.

Ramadhani 19, Jumatatu
Asubuhi 9.9. Jioni 10.7.

Nimekwenda kiwandani kukatwa kichwa. Mama Leticia alikaa na Saleha kwa saa mbili.

Bertha alinipeleka nje, chini ya banda la baiskeli. Akatoa karatasi. "Ofisini walitaka kuandika utoro. Utoro wa siku tano, kazi imekwisha, na kadi yako imekwisha. Nimeandika kwamba uliniomba ruhusa ya kuuguza Jumatatu ileile kabla hujatoka."

"Sikuomba."

"Najua hukuomba. Ulikimbia." Akaikunja. Niliona sahihi yake chini. Wakichunguza, wa kwanza kuondoka ni yeye. "Nyingine kama hii sina, Sabra. Na nafasi yako ya asubuhi wameshampa mtu. Iliyobaki ni zamu ya saa nane mchana mpaka saa nne usiku. Unaanza Alhamisi."

"Sindano ya jioni ni saa kumi na mbili na nusu. Nyumbani hakuna wa kumchoma."

"Mfundishe mwenyewe ajichome."

"Ana miaka kumi!"

"Na mimi nina watu arobaini. Ungetaka nikwambie nini?"

Nilitaka aniombe msamaha kwa saa ile nzima. Hakuomba. Nimeondoka na kazi, na kadi, kwa mkono wa mtu niliyemchukia miaka mitatu. Bado simpendi. Ila nikimhesabia ile saa, itabidi nimhesabie na sahihi.

Ramadhani 20, Jumanne
Asubuhi 10.1. Jioni 9.5.

Nesi wa kliniki anasema mtoto wa miaka kumi anafundishika, wapo wanaojichoma na wadogo kuliko yeye, lakini lazima mtu mzima awe karibu. Nimezunguka mtaa mzima kutafuta mtu mzima. Wote wana huruma, wote wana udhuru. Jirani wa mkono wa kulia ndiye aliyesema wanachokisema wenzake nikishapita: "Mkwe wako mwenyewe ulimtoa wodini kama mwizi. Mimi nisiye mkwe utanifanya nini?"

Mama Leticia amekubali nusu. "Nitakuja nikae namtazama, na ukinipa hizo namba nitazisoma. Akibadilika nitampa glukosi nipige yowe. Ila sindano sigusi, Mama Saleha. Usinihesabu kwenye sindano."

Nilijipikia mwenyewe, nakula mwenyewe.

Ramadhani 21, Jumatano
Asubuhi 9.2. Jioni 9.0.

Nimenunua machungwa ya Muheza matatu. Tumeyachoma maji tangu asubuhi mpaka yakawa yanavuja. Saleha ana mkono mtulivu kuliko wangu. Anavuta maji kwa bomba la sindano, analigonga kwa kucha mapovu yapande, anausoma mstari kwa sauti, anachoma. Alisahau kugonga mara moja tu.

Jioni ikawa dawa yenyewe na paja lake mwenyewe. Nilikaa mbele yake, mikono nimeikalia ili isije ikamnyang'anya. Alivuta, akagonga, akasoma mstari. Kisha akabaki ameshika ngozi kwa vidole viwili, bomba liko hewani, dakika nzima.

"Usinitazame," akasema.

"Lazima nitazame."

"Kesho si hutatazama?"

Nikageuka. Nilisikia akivuta pumzi, kisha, "Tayari." Nilipogeuka alikuwa anajifuta kwa pamba. Nilimsifu kwa sauti kubwa mno. Alinitazama kama anayeniuliza ninampigia kelele za nini.

Ramadhani 22, Alhamisi
Asubuhi 9.4.

Zamu ya kwanza. Saa kumi na mbili na nusu tulisikia adhana juu ya mashine, wanawake wakatoa tende mifukoni, dakika kumi za kufuturu. Nilikuwa nimeshika tende sijaitia mdomoni. Wakati huo huo yeye alikuwa anagonga bomba, au amesahau kugonga, au ameshika ngozi kwa vidole viwili na hawezi. Bertha, ambaye wiki hii na yeye amehamia zamu hii, alinipita, akatoka nje kwenye mvua, akarudi mabega yamelowa.

"Simu yako haijalia," akasema, akaenda zake.

Nikala tende.

Ramadhani 23, Ijumaa
Asubuhi 7.8.

Jana jioni 9.1, ameandika Mama Leticia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Chini yake ameongeza: "Alijichoma mwenyewe, alikula wali wote."

Saleha ameamka nikiwa jikoni. Nilimuuliza kama aliogopa. Kidogo, akasema. Nikamuuliza kama alilia. Kidogo, baada, si kabla. Mama Leticia alimpigia makofi, na Leticia akamwomba amwonyeshe tena, kama vile ni mchezo.

Nikamuuliza lililokuwa linaniwasha, wala sijui nilitaka jibu gani. "Adhana ilipotoka, uliomba dua?"

"Sifungi mimi," akasema. "Na ningeomba nini? Ulikuwa umeshaondoka."

Saa kumi na mbili na dakika ishirini ilipofika nilivuta dawa, nikagonga, nikapiga magoti mbele yake. Nilikuwa na asubuhi nzima. Hakuna geti, hakuna baiskeli, nilikuwa nimepanga nimchome taratibu, nimtazame akila macho kwa macho, nimsindikize shule nikiwa nimemshika mkono. Akaunyoosha mkono wake.

"Nipe mimi."

"Leo nipo, mwanangu. Asubuhi zote nitakuwepo sasa."

"Najua," akasema. "Lakini nishazoea."

Amezoea, kwa jioni mbili. Nikampa.